Nyumba Thelathini na Moja za Katumba

Muyinga, 12 Novemba 2025

Kaka Twaha,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba, na safari hii kidole hakitoshi. Barua nampa jirani yangu Jovina anayekuja Gitega kesho asubuhi. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, asimwachie mtu pale karakana yako.

Jumamosi, siku ya maonyesho ya garimoshi dogo la chama, baba alikuwa kitandani na malaria. Ndiyo sababu hatukuja, unajua. Saa nane mchana ukapiga simu ukamwambia baba, "Mutama, mzee wangu, garimoshi lako linaingia Katumba sasa hivi, sikiliza." Ukaweka simu karibu na reli. Baba aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akasikia magurudumu yanavyogonga maungio, akasema, "Linapunguza mwendo. Vizuri." Kisha akalala, mara ya kwanza kwa siku tatu.

Jumapili Raissa, yule wa chama chenu aliyetengeneza kipande cha njia chenye soko, akanitumia picha.

Twaha, nani amekata kipande chetu?

Usiniulize nimejuaje. Mimi ni fundi cherehani. Vipande vyote kumi na vinne vya chama vina upana wa sentimita hamsini. Chetu kwenye picha hakizidi thelathini. Stesheni ya Katumba ipo, reli ipo, mkuu wa stesheni na bendera yake yupo. Nyuma ya stesheni hakuna kitu. Makazi yetu ya wakimbizi hayapo. Zile nyumba thelathini na moja hazipo, hata moja.

Baba haoni tena isipokuwa kivuli. Alizichonga kwa kupapasa, miezi saba, ameketi mlangoni. Mimi niliandika juu ya kila mlango jina la kilima cha kwao alichokikimbia mwenye nyumba, kama baba alivyonitajia. Yeye mwenyewe alikimbia mauaji ya huku kwetu mwaka wa sabini na mbili akiwa na miaka ishirini. Akafanya kibarua cha reli ya Mpanda, pale pale Katumba ambako mimi nilizaliwa nikakulia. Garimoshi ndicho kitu pekee cha Tanzania anachokizungumzia kwa furaha, na wewe ulipokuja kutuandikisha chamani ndiye uliyemwambia, "Sheria yetu iko moja. Ncha mbili za kipande zifanane na za wengine, ili njia ipite. Katikati, kila mtu aweke anachotaka."

Baba hajui. Nimemwambia picha ni nzuri. Umenifanya nimdanganye mgonjwa, na hilo peke yake lingetosha.

Nijibu.

Kasilda


Gitega, 16 Novemba 2025

Dada Kasilda,

Amahoro. Sisi tuko wazima, Hidaya na watoto wanakusalimia. Pole sana kwa mutama, Mungu amupe afya.

Bon, kuhusu kipande. Mi nilitaka kukuambia siku ile ile, lakini nikaona we uko na mgonjwa, nisikuongezee kichwa kuuma. Kilipata ajali ndogo. Ile njia ya Karuzi iko na mashimo, we unajua, gari ikaruka na kipande kikapasuka upande wa nyuma. Vijumba vingi vikavunjika. Mi nilikuwa na masaa mawili tu mbele ya watu kuingia. Donc, basi, nikatoa ile sehemu iliyoharibika, nikapiga msasa, ikatoka propre, safi kabisa.

Dada, ungeona! Watu karibu mia tatu. Ile garimoshi ya Faridi wa chama, iko na mota ya redio ya zamani ndani, haikuzima hata mara moja. Reli zote za spoku za baiskeli, na hakuna hata moja ilichomoka. Wazee walikuwa wanauliza kama ile reli kubwa wanayosema itafika huku itakuwa hivi. Kwenye stesheni yenu watu walipiga makofi. Mzee Sefu aliyetupa ukumbi akasema mwaka ujao atatupa tena.

Ile sehemu ingine nimeiweka atelier, kwenye karakana. Ntaituma. Usikasirike, dada, iko kitu ya kutengeneza.

Ndugu yako,
Twaha


Muyinga, 20 Novemba 2025

Bwana Twaha,

Tangu mwaka juzi nakuita kaka. Leo kalamu imekataa.

Nimekwenda kwa Elikana dereva. Nikamuuliza ajali ilitokea wapi. Akaniuliza, "Ajali gani?" Kipande chetu kilisafiri ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma, juu ya blanketi langu mwenyewe, nilikifunga kwa kamba mimi. Elikana ameapa mbele ya mke wake kwamba alikupa mkononi kikiwa kizima, na wewe ukasema, "Kazi nzuri hii."

Nikamwomba Raissa picha za Ijumaa jioni, mlipokuwa mnapanga vipande ukumbini. Ametuma. Nyumba zipo. Nimezihesabu kwenye simu kwa kuzikuza moja moja. Thelathini na moja.

Nguo ikichanika kwa ajali, nyuzi zinatoka ovyo. Ikikatwa kwa mkasi, naitambua hata gizani. Mbao hiyo imekatwa kwa msumeno, na aliyekata hakuwa na haraka.

Kwa hiyo ulituma salamu za mke na watoto, ukamwombea baba yangu afya, kisha ukaniongopea katika karatasi ile ile.

Baba ameanza kuamka. Kila asubuhi anauliza kipande kitarudi lini. Amekwisha kuchonga kisima alichosahau, anataka kukigandisha nyuma ya nyumba ya bibi Anisia, jirani yetu wa Katumba. Nyumba ipi? Niambie nimjibu nini. Kisima kipo kwenye dirisha langu la jikoni, nakiona kila ninapokoroga uji.

Rudisha vyote viwili, kipande na ulichokikata. Na uandike ukweli. Ukiniandikia uongo wa pili, nitakuja Gitega, nisimame katikati ya ukumbi wa Sefu na nisome barua zako zote mbele ya chama.

Kasilda, binti wa Josephat


Gitega, 29 Novemba 2025

Dada Kasilda,

Mi sina haki ya kukuita dada leo, lakini sijui jina ingine.

Hakuna ajali. Mi ndiye nilikata.

Ijumaa ile wenzangu walienda kula, nikabaki peke yangu nafunga boloti. Nikafika kwenye kipande chenu. Sikuwa nimesoma ile maandishi ya milango, ni ndogo sana. Nikaweka miwani. Ryansoro. Gashoho. Itaba. Halafu kwenye nyumba ya kwanza karibu ya stesheni, ile ya mutama mwenyewe, nikasoma: Giheta.

Nikakaa chini.

Baba yangu alinunua shamba Giheta mwaka wa sabini na nne. Ni shamba ya miti. Mbao zote za atelier yangu zinatoka pale, hata ile mbao niliwatumia ya kujengea Katumba. Mi nimekulia juu ya ile shamba. Sijauliza hata siku moja ilikuwa ya nani mbele yetu. Kwetu hapakuwa na mtu aliuliza. Baba akifika kwenye hiyo hadithi alikuwa anabadilisha maneno, anaitisha chai.

Na kesho yake wangekuja watu wa Giheta, wazee wanaojua kila mupaka. Nikaona mtu anasoma pale mlangoni, anasema, "Mbega, hivi huyu wa Giheta ni nani? Na shamba yake sasa iko na nani?" Nikaona wote wanageuka wananiangalia, mi na Hidaya na watoto wangu.

Hakuna mtu alinituma. Mzee Sefu hakusema kitu. Nilichukua msumeno. Dakika kumi.

Iko kingine. Ulisema nirudishe niliyokata. Sina. Sikuipeleka atelier, nilikudanganya pia hapo. Niliiweka nyuma ya ukumbi, nikasema nitaiondoa asubuhi. Akina mama waliokuja kupika walikuta ni mbao kavu, wakawashia moto. Nilipofika ilikuwa jivu na kijumba kimoja kimeungua nusu, nacho kikapukutika kwa vidole.

Mi nilikula ile pilau waliyopika kwa moto huo, Kasilda. Watu walikuwa wananiangalia, nikala.

Kipande kinarudi na Elikana. Mwambie mutama unachotaka.

Twaha


Muyinga, 7 Desemba 2025

Kwako Twaha,

Mimi ni Josephat. Anayeandika ni jirani yangu Vumilia, mimi nataja na yeye anaandika. Kasilda amekwenda kupeleka sare za shule. Barua hii haijui.

Kipande kimefika. Binti yangu aliniambia kiligongwa njiani. Hajui kudanganya, sauti yake inapanda juu kama ya mtu anayeita kuku. Nikapitisha kidole kwenye mkato. Nikamwambia, "Soma barua za Twaha, zote." Akasoma. Nimemkasirikia yeye kwanza. Kunificha mimi! Mimi ni kipofu, si mtoto.

Sasa zamu yako. Mkato wako umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Ungekuwa umepinda ningesema mtu huyu alikuwa anatetemeka. Hukutetemeka. Hapo ndipo penye hasira yangu.

Shamba la baba yako ninalijua. Liko chini, upande wa mto. Mwenye nalo aliliuza kwa hiari yake, mbele ya majirani, akahamia Bujumbura kwa wanawe. Nilielezwa hayo mwaka 2009. Halikuwa langu, wala la mtu yeyote aliyekimbia. Hayo ungeyapata kwangu kwa dakika moja. Ulikuwa na namba yangu ya simu. Ukaona heri msumeno.

Langu liko juu, karibu na chanzo cha maji. Anakaa mama mmoja, Josefina, na watoto wake. Nilikwenda mwezi wa pili baada ya kurudi kutoka Tanzania, peke yangu, macho yangu yakiwa bado mazima. Josefina alinitambua kwa sura ya mama yangu. Mama hakuweza kukimbia, miguu ilikataa. Wazazi wa Josefina walihamia kwake wakamlisha na kumwogesha miaka tisa, kisha wakamzika nyuma ya nyumba. Josefina alinionyesha kaburi, limepandwa maua. Sasa wewe niambie, watu hao ningewatoa kwa mdomo gani? Nilikunywa maji, nikaondoka. Tukaja kukaa huku kwa wakwe zangu wa Gashoho.

Kasilda nilimwambia kwetu Giheta sipakumbuki. Alikuwa anataka twende kwenye tume ya ardhi kudai, ana damu ya moto. Uliyoyasoma hapa juu ya Josefina usimwambie. Nitamwambia mimi siku nikiweza.

Samahani kwenye karatasi siitaki. Njoo Muyinga. Lete msumeno, patasi na mbao. Wenye zile nyumba, au watoto wao, wapo hapa mjini na Gashoho. Utakaa na kila mmoja. Utamuuliza kilima chake. Utamsikiliza mpaka anyamaze mwenyewe, ndipo uchonge nyumba yake. Ukifupisha hata mmoja nitajua.

Josephat


Muyinga, 13 Januari 2026

Bwana Twaha,

Umeondoka jana. Wiki nne ulizokaa kwetu sikukupa hata maji ya kunawa, Vumilia ndiye aliyekupikia. Nakuandikia ili usije ukasema moyoni kwamba tulikuwa na haya au tulisahau. Nilikuwa na hasira, na nilitaka uione.

Nilikufuata Gashoho siku ile ya bibi Anisia. Hukuniona, nilikaa nje ya ua nikijifanya nasubiri kupimwa unga. Ulimuuliza kilima chake. Akaanza na mbuzi. Saa nzima ya mbuzi, yupi alizaa mapacha, yupi alikufa njiani kabla ya mpaka. Nikasema sasa huyu atachoka, ataangalia simu, na mimi nitaingia nimfukuze. Hukuangalia. Bibi akanyamaza, ukadhani amemaliza ukachukua patasi, akaanza tena na habari za mume wake, ukaiweka chini. Mpaka jua likahama ua mzima. Nilitaka uchoke, Twaha. Hukuchoka, na hilo lilinikera kuliko barua zako.

Nyumba zako ni nzuri. Milango imekaa sawa, mapaa yamenyooka. Za baba zilikuwa zimeegemea upande, kama zilivyokuwa zenyewe kule Katumba baada ya masika. Nilimwambia baba hivyo uso wangu ukiwa ukutani, lakini nilikusudia usikie. Asubuhi nikaona umezibomoa nne na kuzichonga upya zikiwa zimeinama. Sikujua nifanye nini na hasira yangu siku hiyo, nikafua mapazia.

Umemtuma Vumilia aniombe niandike majina ya vilima. Nimeandika, kwa sababu ni ya wenyewe. Kwenye orodha yako umekosea Itaba, umempa mtu wa Ryansoro. Nimerekebisha.

Sitakuja Gitega tarehe 31 kwenye maonyesho ya pili. Baba atakuja na Elikana. Mshike kiwiko, si kiganja, hapendi kuvutwa. Akikaa mbele ya kipande mwache aguse.

Kasilda


Gitega, 2 Februari 2026

Dada Kasilda,

Mutama anarudi leo na Elikana, na hii barua iko kwenye mfuko wake wa koti. Ameahidi kukupa.

Jumamosi tulifungua saa tatu. Vipande vyote kumi na vinne, na Katumba katikati, upana wake sentimita hamsini. Niliunga mbao mpya nyuma na ile alama ya mkato inaonekana. Faridi alitaka kuipaka rangi. Mi nikakataa.

Mutama alikaa pale pale siku nzima, kidole juu ya reli. Garimoshi ikikaribia anaondoa kidole, ikipita anarudisha. Hakukosea hata mara moja.

Saa sita ukumbi ulijaa. Mtu mmoja wa Giheta akainama, akasoma kwa sauti, akauliza, "Hii nyumba ya nani?" Mutama akasema, "Yangu." Bon, mi nikasema. Nikawaambia hizi nyumba ni za pili, za kwanza nilizikata mi mwenyewe kwa woga, na nikawaambia walizila kwenye pilau ya Novemba bila kujua. Kasilda, nilisema mpaka nikamaliza. Watu wengine walitoka. Mzee Sefu akaniita pembeni, akasema ukumbi wake hatuupati tena, yeye alitoa ukumbi wa kuonyesha garimoshi. Mi nikamwambia sawa. Raissa anauliza watawa kama wana chumba.

Lakini wengine wengi walibaki. Mama mmoja wa Ryansoro alipata kilima chao kwenye mlango. Akapiga simu kwa kaka yake, akamsomea: "Iko hapa. Nasema iko hapa, njoo."

Jana, Jumapili, mutama aliniomba nimpeleke mahali. Nilimpeleka. Ni mambo yake, na aliniomba kitambo nisikuambie. Siwezi kukuambia na siwezi tena kukuficha. Muulize. Nimemwambia nitakuandikia hivi, hakukataa.

Twaha


Muyinga, 5 Februari 2026

Twaha,

Nilimuuliza. Alinieleza jikoni, nikiwa nachagua maharage. Nimejua sasa kwamba bibi yangu ana kaburi, na kwamba kuna mama anaitwa Josefina anayelipalilia. Nimejua kwamba baba alifika pale tangu 2009. Miaka kumi na sita. Kila mwaka nilimwomba, "Twende hata tukapaone tu," na kila mwaka alinijibu kwamba hapakumbuki, na mimi nikamwonea huruma, nikadhani uzee.

Nimemfokea baba yangu. Sijawahi tangu nizaliwe. Majirani wamesikia. Nilimwambia, "Umekwenda na mtu aliyetukata, mimi mwanao ukaniacha." Unajua alinijibu nini? Aliniambia, "Yeye alikuwa na swali. Wewe ulikuwa na madai."

Nikatoka nje. Nimekaa kwenye ngazi ya kanisa mpaka miguu ikafa ganzi. Ni kweli nilikuwa na madai. Nilikuwa na daftari zima la madai. Lakini mtu huanza kudai kwa sababu hakuna anayemwambia kitu.

Kwa hiyo nina hasira na baba, na nina hasira na wewe, na jana nimekata sketi ya shule mbele nyuma kwa ajili yenu wawili.

Sikiliza. Shamba silidai tena, mwambie na baba ukizungumza naye, mimi sijamwambia. Nataka kuona mahali bibi yangu alipolala. Baba magoti yake yamegoma tangu alipopanda kile kilima. Elikana hajui njia. Unaijua wewe tu, na ndiyo sababu nakuandikia, haipo nyingine.

Jumamosi tarehe 14 nitafika Gitega saa nne asubuhi. Unipeleke Giheta. Njiani usinieleze chochote, wala usiniombe msamaha, tutapanda kimya. Mpelekee Josefina habari kwamba nakuja, nisimshtue, nami nitamletea kitenge nilichokishona mwenyewe.

Juu ya bibi yangu, alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alituita nani kabla hatujazaliwa, usimuulize Josefina hata neno moja. Hayo niachie mimi.

Kasilda